Msimu Tulipong'oa Kahawa

Mtu wa Ruiru mjini akikwambia mvua imezidi, anamaanisha viatu vyake vimeingia matope. Akikwambia kuna ukame, anamaanisha mfereji umekatika na sukuma wiki imepanda bei. Zaidi ya hapo hajui lolote. Nimewasikia watu hawa maisha yangu yote wakitabiri, wakilaumu na kukemea mambo ya angani, na sijakutana na hata mmoja aliyeinama akachimba kwa kidole aone udongo umelowa mpaka wapi.

Walimu nao siwatetei. Nilifundisha jiografia katika shule moja ya sekondari pale Thika, nikiishi nyumba ya kupanga mtaani Landless. Mwaka baada ya mwaka nilichora ubaoni mishale ya pepo zenye unyevu zikipanda mlima, zikipoa, zikimwaga mvua upande mmoja na kuuacha mwingine mkavu. Wanafunzi walinakili mishale yangu, wakapita mtihani, wakaenda Nairobi kuuza simu. Hakuna aliyewahi kuniuliza mkulima anafanya nini na mshale.

Mama alipofariki niliacha kazi kabla ya wakati wangu wa kustaafu, nikarudi nyumbani kumtunza baba na kahawa yake. Kwetu ni upande wa juu wa Ruiru, kwenye udongo mwekundu, mahali ambapo zamani ungetoka mto mmoja hadi mwingine bila kutoka ndani ya kahawa. Siku hizi ukisimama mwisho wa shamba letu unaona fleti zimefika uani, nguo za watu zimeanikwa kwenye roshani, na kila roshani ina dishi la televisheni linaloangalia mbinguni kwa matumaini. Kuna aina ya kahawa iliyopewa jina la mji huu, jina na nambari yake, iliyozalishwa makusudi ihimili magonjwa ya baridi na unyevu. Waulize waliomo kwenye fleti hizo. Watadhani unatafuta matatu.

Kahawa yetu haikuwa hiyo. Yetu ilikuwa ile ya zamani, tamu kikombeni na legelege shambani, inayougua ukiikoholea. Baba aliipanda akiwa kijana na mama akaichuma mpaka vidole vikapinda. Nami niliirithi kama mtu anavyorithi mgonjwa.

Kisha kuna kaka yangu. Yeye ni kifungua mimba, na kwa desturi yetu alipewa jina la babu, kwa hiyo mzee humwita "baba". Mimi nilipewa jina la nyanya mzaa baba, kwa hiyo mimi huitwa "maitu", yaani mama yangu. Kwetu hilo ni jambo la kawaida na halimshangazi mtu. Mimi tu ndiye niliyekuwa nikikereka kumsikia mzee akimwita "baba" mtu asiyejua jembe linashikwa upande gani.

Kaka alianza kama dalali wa mashamba. Kazi yake ilikuwa kumpeleka mnunuzi kwenye shamba la mjane fulani, amwoneshe barabara itakapopita na stima itakapofika, kisha mjane aoneshwe mahali pa kutia sahihi. Aliinukia hapo. Baadaye akawa landilodi, na tumbo na sauti vikaongezeka pamoja.

Alikuwa hodari wa jambo moja: kujua hali ya hewa ya kuuzia. Kukinyesha vizuri hatumwoni. Misimu ya ukame ilipofuatana, kila mvua ndefu ikija fupi na mvua fupi isipokuja kabisa, kaka hakukosa Jumapili. Aliegesha gari getini ili lisipate vumbi zaidi, akaja kwa miguu akikwepa majani makavu kwa viatu vyake vinavyong'aa, akasimama katikati ya mistari ya kahawa na kutikisa kichwa kama daktari aliyelipwa aseme mgonjwa hatapona.

"Mwalimu," aliniambia siku moja. Aliniita hivyo alipotaka kunidharau. "Hii kahawa inawapa nini?"

"Inatupa nafasi ya kutokuona nyumba zako."

"Wewe cheka tu. Hapa zingetoka ploti safi. Mzee angelala kitanda kizuri, awe na mtu wa kumpikia."

"Ninampikia mimi."

"Ndiyo nasema, awe na mtu wa kumpikia."

Baba alikuwa kwenye veranda akisikiliza redio. Alitusikia, na hakusema kitu. Hakuwahi kusema kitu kuhusu kahawa. Mimi nilitafsiri kimya chake kuwa ni mapenzi, kaka akatafsiri kuwa ni uzee, na kila mmoja wetu akaendelea na vita vyake akiamini mzee yuko upande wake.

Niseme kidogo kuhusu kahawa, kwa sababu bila hilo mtu hataelewa hasira zangu. Kahawa inataka kukauka kidogo, kisha inataka mvua ya kweli. Ikipata hivyo, siku chache baadaye shamba zima linachanua kwa pamoja, jeupe, na harufu yake inaingia mpaka ndani ya vikombe jikoni. Lakini ikipata mvua ya kijinga, ile inayonyunyiza jioni moja na kutoweka, inadanganyika. Inatoa maua, jua linayachoma, inabaki imechoka. Wiki nyingine inanyunyiziwa tena, inadanganyika tena. Katika ile misimu ya ukame yetu ilidanganywa hivyo mpaka mti mmoja ukawa na ua, tunda changa na tunda lililonyauka, vyote kwenye tawi moja, na kuchuma tunda hapa tunda pale kukawa kama kuokota shanga barabarani. Kidogo tulichopeleka kiwandani kilipotiwa majini kilielea. Punje zilikuwa tupu.

Wakati huo kwenye televisheni kijana aliyevaa suti alikuwa akipitisha mkono juu ya ramani na kutuambia kwamba nyanda za juu za kati zitapata mvua ya kiasi. Nyanda za juu za kati! Kama vile sote tumepakuliwa kwenye sahani moja. Ukungu unaoshika kwetu juu asubuhi haufiki Juja, na jua linalopasua ardhi kule chini Juja huku tunalianikia mahindi. Baba alimtazama yule kijana kila jioni mpaka mwisho, kisha akanigeukia.

"Itanyesha?"

"Sijui, baba."

"Na kule Thika walikuwa wanakulipa ufundishe nini?"

Hakuwa anatania.

Ukame ulipozidi, kaka alileta kanisa lake. Yeye ni mzee wa kanisa, mambo yote yenye kapu la sadaka yanapitia kwake. Walikuja na hema, viti vya plastiki na spika, wakapiga hema katikati ya kahawa ili jua lisiwachome wakiomba jua lipungue. Waliomba kwa sauti ambayo ingefika Thika bila spika. Mama mmoja alianguka chini akavunja tawi. Walipomaliza walikunywa chai yetu, na kaka akaniambia faraghani kwa uso mtulivu, "Mungu akikataa na hapa, ujue ni ishara tuuze."

Mvua haikuja mwezi huo, wala uliofuata.

Mwenyewe hakungoja ishara. Katika ukame huohuo alinunua kipande cha ardhi upande wa chini wa Ruiru, kwenye ule udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kunata masika, bondeni kabisa karibu na mto. Alinipeleka nikaone. Mafunjo yalikuwa yamekatwa, na mafundi walikuwa wanamwaga msingi mahali ambapo vyura bado walikuwa wanaruka.

"Hapa ni mtoni," nilimwambia.

"Mto uko kule." Alionesha kijito kilichobaki, maji ya kuoshea miguu. "Huu mto umeisha. Wewe si ndiye unasema mambo ya tabianchi? Tabianchi imeumaliza."

Hiyo ndiyo elimu aliyoipata kwenye semina zote alizokaa mbele kwa sababu ya chakula cha mchana: kwamba hali ya hewa imebadilika ili yeye apate ploti. Akajenga ghorofa juu ya ghorofa. Nyumba za chini akazipangisha, moja akaingia yeye na mkewe ili awe karibu na wapangaji wakati wa kodi.

Kisha mvua ikaja.

Mwanzoni ilikuja kama nilivyoifundisha. Kiangazi kirefu, halafu usiku na mchana wa mvua nzito iliyopenya, na kahawa ikachanua yote. Nilitoka asubuhi nikakuta weupe mpaka bondeni. Nyuki walikuwa wengi hadi hewa ilikuwa inatetemeka. Nilikwenda kumshika baba mkono aje aone. Alitoka hadi kwenye ngazi, akatazama, akasema, "Naona," akarudi kunywa uji wake. Nilimhurumia. Nilidhani ukame umemfanya aogope kufurahi.

Nilimpigia kaka simu kwa kusudi la kumwudhi tu. "Njoo uone unachotaka kuuza."

"Siwezi kuja, barabara ni mbaya," alisema. Nilicheka mwenyewe jikoni kama mwehu.

Lakini ile mvua haikujua kuacha. Ilinyesha kama mtu anayetapika. Wiki baada ya wiki anga ilikaa juu ya paa, na asubuhi ukungu haukuondoka mpaka saa ya chakula, na ukiondoka ni mvua inayoufukuza. Nilibeba pampu mgongoni nikapulizia ile dawa ya buluu ya shaba, na kabla sijafika mwisho wa mstari mvua ilikuwa inaiosha kwenye mstari niliotoka. Niliirudia. Ikaoshwa. Kwenye agroveti moja ya Thika, mwenye duka aliniuzia dawa nyingine ya bei mbaya ambayo alisema inashika kwenye jani "kama gundi". Labda ingeshika kwenye jani lililo ndani ya duka lake.

Kisha matunda yakaanza kuwa meusi. Huo ugonjwa unaanza na doa moja dogo, kama mtu amegusa tunda kwa kalamu. Kesho yake doa limezama, na keshokutwa tunda zima ni jeusi, limekauka, limeng'ang'ania tawini kama inzi aliyekufa. Wakulima wanauita CBD, kifupi cha jina lake la Kiingereza. Nilipomwambia kaka kwenye simu kwamba CBD imeingia, aliniuliza imeingia wapi, kwa sababu kwake CBD ni katikati ya Nairobi.

Asubuhi moja alinipigia yeye. Sauti yake ilikuwa imepungua.

"Maji yameingia."

"Yameingia wapi?"

"Ndani. Yako kwenye viti. Yamepita soketi. Wewe, niambie, pikapu inaweza kupanda huko kwenu?"

Walifika mchana, yeye na mkewe, na pikapu ya kukodi iliyokwama getini kwetu mpaka tukaisukuma. Magodoro yalikuwa yanatiririka maji. Televisheni kubwa ilikuwa imefungwa kwa blanketi kama mtoto mchanga. Kaka alikuwa amevaa gambuti, na ilikuwa mara ya kwanza katika utu uzima wake, kwa sababu zilikuwa na kibandiko cha duka bado. Mkewe, mwanamke mpole ambaye sijui alikosea wapi kupata mume huyo, aliingia jikoni, akakaa karibu na moto, akaniambia kabla sijamwuliza, "Nilimwambia yale mafunjo hayaoti mahali pakavu. Akasema ni magugu."

Sitadanganya kwamba nilihuzunika. Niliwatandikia kitanda kwenye chumba tulichokuwa tunawekea magunia ya kahawa, chumba chenye panya, na nilitandika polepole nikifurahia kila kona ya shuka.

Wapangaji wake walihamia kwa ndugu zao na kwenye madarasa ya shule. Kutwa nzima walimpigia simu wakitaka amana zao, naye akawa anaiacha simu ikilia juu ya meza akiitazama kana kwamba ni ya mtu mwingine. Siku ya tatu au ya nne alipata nguvu za kulaumu. Tulikuwa tunakula githeri ya mahindi na maharagwe, mzee akiwa kwenye kiti chake, mvua ikipiga mabati mpaka tukalazimika kupaza sauti.

"Serikali," alisema kaka. "Kaunti. Hakuna mitaro. Wanakula pesa tu."

"Mtaro wa kupitisha mto?" nilimwuliza.

"Na nyinyi pia."

"Sisi?"

"Nyinyi wa huku juu. Maji haya si yanatoka kwenu? Mmelima mpaka ukingoni, udongo umekuwa mgumu, mvua ikinyesha hamuizuii. Mnaiachia inateremka yote inakuja kwangu."

Niliweka kijiko chini. "Yaani mimi ndiye nimekutumia mafuriko."

"Nasema ukweli."

"Ulijenga ndani ya mto."

"Mto haukuwepo!"

"Ulikuwa wapi? Safarini?"

Mkewe aliinamisha uso kwenye sahani, mabega yakitikisika, na sikujua kama analia au anacheka. Nilimshika kaka mkono wa shati nikamwinua mezani. "Njoo uone faida tuliyoipata sisi wa juu kwa mvua hii," nilimwambia, na nikamtoa nje kwenye mvua vilevile, githeri ikiwa mdomoni mwake.

Nilimwingiza ndani kabisa ya shamba. Nilishika tawi nikamwonesha. Nikashika jingine. Matunda yote yalikuwa meusi. Tulitembea mstari mzima hivyo, nikishika na kuachia, maji yakituingia shingoni, na nilikuwa nimejiandaa kwa maneno yake kuhusu ploti. Hakuyasema. Alichuma tunda moja akalipasua kwa ukucha, akakuta ndani kuna unga mweusi.

"Hii yote?" aliniuliza.

"Yote."

"Hata kule bondeni?"

"Bondeni ndiko kulikoanzia."

Alisimama hapo na gambuti zake za kibandiko. Mtu mwenye moyo mzuri angesema tulielewana wakati ule. Mimi niliona tu kwamba amelowa kama kuku, na nikafurahi kwamba nami nimelowa vilevile ili asije akasema nilimtesa.

Tuliporudi tulimkuta baba amezima redio. Jambo hilo lilinitisha kuliko mvua.

"Imekufa?" aliuliza.

"Miti haijafa, baba," nilisema haraka. "Ni matunda ya msimu huu. Tunaweza kukata matawi, tukapandikiza ile aina isiyougua kwenye mashina ya zamani. Mwaka kesho kutwa..."

"Ing'oeni."

Nilidhani sikusikia kwa sababu ya mabati. Kaka alisikia vizuri sana. Uso wake ulikunjuka wote.

"Baba, hapo umesema kitu!" alisema. "Mimi nimekuwa nikisema miaka yote. Ninamjua mtu, akija na mapima wa kugawa ploti hata wiki hii..."

"Nani ametaja mapima?" mzee alimkata. "Baba, wewe nyamaza. Nyumba zako ziko majini na bado unataka kunijengea mimi."

Nilimsogelea. "Baba, hii ni kahawa yako. Umeitunza maisha yako yote."

"Nimeiogopa maisha yangu yote," alisema. Hakuwa na hasira. Alizungumza kama mtu anayemweleza mgeni njia. "Nilipokuwa kijana chifu alikuja akasema pandeni kahawa, nikapanda. Tukaambiwa usipande kitu katikati yake, hata maharagwe. Tukaambiwa ukiing'oa unashtakiwa. Kila nilipoona mtu wa serikali getini nilijua amekuja kuhesabu miti. Baadaye sheria ikalegea, lakini mimi hakuna aliyekuja kuniambia, na mama yenu alikuwa ameizoea. Akafa. Halafu mkaanza nyinyi, huyu anataka kuuza, huyu anataka kulinda. Hakuna aliyeniuliza."

"Sasa unataka nini?" kaka aliuliza, na kwa mara ya kwanza lilikuwa swali.

"Nataka kula kitu nilichopanda." Kisha akanielekezea kidole mimi. "Maitu, wewe ulikuwa na viazi vitamu hapa. Mpaka kule chini. Na ndizi, na maharagwe ya njahi. Hatukununua chakula. Umesahau?"

Alikuwa anazungumza na nyanya yangu, au na mimi niliyebeba jina lake. Kwetu si lazima mtu achague. Nilikuwa nimeacha mshahara, nimepinda mgongo kwa pampu, nimempiga vita ndugu yangu misimu mingi kwa ajili ya mti ambao baba mwenyewe aliuchukia kimya. Nilikwenda jikoni nikavunja kuni ambazo hazikuhitaji kuvunjwa.

Mvua ilipoisha, baridi ya gathano ikashika, ile ya ukungu wa asubuhi na jua lisilo na nguvu. Maji kwa kaka yalikuwa bado hayajakauka, kwa hiyo alikuwa bado kwetu anakula. Baba alimpa shoka. Mimi nilikataa kushika chochote. Nilikaa ndani na kusikia shoka likipiga, likikosa, likipiga jiwe, na kaka akitukana. Niliapa sitatoka.

Nilitoka kwa sababu ya ujinga wake. Nilichungulia nikaona anakata miti usawa wa magoti na kuacha mashina ardhini, anasonga mbele akijisifu. Kahawa ukiikata hivyo inachipua. Angekuwa ameipogoa tu! Kama kitu kinauawa, basi kiuawe na mtu anayejua kazi. Nilichukua jembe na mtaimbo, nikamwonesha jinsi ya kuchimba kuzunguka, kukata mizizi ya pembeni, kisha kusukuma shina mpaka lilalie upande. Tulifanya hivyo baridi yote, yeye, mimi na vibarua tuliowapata. Viganja vyake vilitoka malengelenge, yakapasuka, akavifunga vitambaa akaendelea. Hakuwa anafanya kwa mapenzi. Alikuwa anakimbia simu za wapangaji. Lakini alifanya, na hilo ninalisema kwa shida.

Siku tulipofika kwenye miti ya karibu na nyumba, ile ambayo mama alipenda kuanzia kuchuma, niliisukuma mwenyewe, na nililia kwa sauti. Kaka aliendelea kuchimba mti wa pili bila kunitazama. Sijui kama ilikuwa heshima au uchovu. Na mzee kwenye veranda alikuwa ameleta kiti mbele ili aone vizuri.

Mambo yaliishaje? Hayakuisha vizuri wala vibaya. Maji ya bondeni yalipokauka kaka alirudi kwake, akapaka rangi juu ya alama ya maji, rangi ya krimu, akaning'iniza bango la nyumba zinazopatikana. Zilijaa. Watu waliona ukuta ukinuka rangi mpya na jua likiwaka, wakalipa amana wakaingiza masofa yao. Hakuna aliyeuliza mafunjo yalikuwa yanatafuta nini nyuma ya uzio. Mkewe hakurudi naye mwanzoni. Alikaa kwetu mpaka tulipopanda viazi, ndipo akaenda, tena akiwa na masharti ya kuishi ghorofa ya juu.

Mvua fupi zilikuja kwa kuchelewa na kwa uchache, lakini viazi vitamu havina majivuno ya kahawa. Marando tuliyopanda yalitambaa yakafunika udongo mwekundu mpaka chini. Ndizi nyingine zilikufa, nyingine zikashika. Jirani yetu ng'ambo ya kijia, ambaye hakung'oa yake, alipata kiangazi kizuri na mvua nzuri msimu uliofuata, na bei ikapanda kama kwa kutukomoa. Alikuja mpaka kwenye uzio wetu kutupa pole, huku akijaribu kuficha meno. Nilimwambia asante, na kwamba akitaka viazi viko.

Baba alichimba vya kwanza mwenyewe, akiwa amekaa chini na kijiti. Nilimchemshia. Alikula kimoja chote na chai ya rangi, maganda akayaweka magotini, na hakusifu. Alisema vya zamani vilikuwa vitamu zaidi, na kwamba nimevitia maji mengi.

Sasa shida yetu ni fuko. Kwenye kahawa hatukuwahi kuwa na fuko, lakini kwenye viazi wamekuja kama waliopewa barua za mwaliko, wanakula kiazi kutoka chini na kukuachia majani juu yakiwa mazima, ukivuta unabaki na kamba. Mzee ametengeneza mtego wa waya na fito, wa namna aliyokuwa anatega utotoni, na kila asubuhi ukungu ukipungua anakwenda kuukagua kwa fimbo yake. Haujakamata kitu. Jana kaka alikuja na mtego wa dukani, wa chuma, akasema huo wa mzee ni takataka, na mzee akamwambia, "Baba, utege huo wako kule kwako, uone kama utakamata mto." Wakaanza kubishana katikati ya shamba mahali pa kutega, wote wawili wakiwa wamesimama juu ya marando ya viazi vyangu, nami nikawaambia washuke hapo kabla sijachukua jembe.